Mwekezaji wako anatafuta nini zaidi ya faida? Muulize kabla hujatia sahihi



Ninaandika haya nikiwa juu ya duka la dawa hapa Nkubu, kwenye ofisi yetu ya meza mbili na kiti kimoja kizima. Chini makanga wanaita abiria wa Meru mjini, wengine wa Chuka na Embu. Mbele yangu kuna karatasi kumi na moja. Mfuko mmoja wa uwekezaji, ambao jina lake nitaliacha, unataka kutuwekea dola 40,000. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya Sh5 milioni. Na mimi ndiye yule msee aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya deni la karo la Sh38,000.

Tuna hadi mwisho wa mwezi kutia sahihi au kukataa.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Mkulima wa ndizi wa Mitunguu au Kanyakine anatutumia ujumbe kwamba ana mikungu kadhaa iliyokomaa. Sisi tunamtafutia mnunuzi Gakoromone, Nanyuki au Nairobi kabla broka hajafika shambani kumwambia ati bei imeanguka. Tunabaki na Sh20 kwa kila mkungu. Wiki nzuri tunapitisha mikungu 900. Piga hesabu mwenyewe: Sh18,000, na hapo hujatoa mafuta ya pikapu, bando na kitu cha kuwapa watu watatu mwisho wa mwezi.

Mshirika wangu anasema mwekezaji anataka faida, basi, stori imeisha. Nami nilikuwa naamini hivyo hadi nilipokaa chini na kalamu. Tuseme wameweka dola 40,000, na sisi tufanye maajabu tukue mara kumi. Sehemu yao itakuwa dola 400,000. Mfuko wenyewe una makumi ya mamilioni. Hizo laki nne za dola zikija baada ya miaka saba hazitatosha hata kulipa ofisi yao ya Nairobi na tiketi za ndege za wale wanaokuja kutukagua. Kama ni faida peke yake, si wangenunua hatifungani za serikali wakalale? Kwa hivyo kuna kitu kingine wanachotafuta huku kwetu. Na hicho kitu ndicho kitaamua kama mwaka ujao tutakuwa tunauza ndizi au tunajaza fomu.

Nimekuwa nikichimba hii mada wiki tatu sasa. Wacha nikupe nilichopata, maana najua wengi mnaosoma hapa mna wazo fulani kwenye simu na mnaota siku mtu ataweka doh.

Tuanze na kitu kilicho karibu. Ukitoka Nkubu ukipanda upande wa mlimani unaingia mashamba ya chai. Kijani hadi msituni. Watoto wengi wa hapa walisomeshwa na bonasi ya chai, na wewe unayenisoma ukiwa Kirinyaga, Murang'a au Kericho unajua ninachosema. Umewahi kujiuliza nani aliweka pesa za kwanza?

Miaka ya 1930 wakoloni waliruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa majaribio, huku masetla wakinung'unika. Kisha likaja vuguvugu la Mau Mau. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikatoa Mpango wa Swynnerton: wape Waafrika hati za mashamba, waruhusu kulima mazao ya kuuza, wape mikopo na maafisa wa kilimo. Walikuwa na hesabu ya kisiasa kichwani. Mtu aliye na ekari mbili za chai na hati miliki ana kitu cha kupoteza, hataingia msituni na panga. Pesa za kujenga kilimo cha chai cha wakulima wadogo zilikuja baadaye kwa njia ya mikopo, na mmoja wa wakopeshaji wakubwa alikuwa shirika la Uingereza lililoundwa mwaka 1948 kwa jina la Colonial Development Corporation, CDC kwa kifupi. Benki ya Dunia nayo ikaingia. Mwaka 1964 ikazaliwa KTDA.

Sasa angalia. Yule mwekezaji alitaka pesa zake zirudi, ndiyo. Lakini juu ya hapo alitaka utulivu. Na sisi tukapata viwanda, tukapata hela ya karo, tukapata hata sacco: Yetu Sacco, iliyo na makao yake hapa Nkubu, ilianza kama sacco ya wakulima wa chai wa Imenti Kusini. Nia ya aliyetoa pesa ilikuwa moja, matumizi ya aliyepokea yakawa mengine. Sisemi hivyo kumsafisha mkoloni, maana watu wa hapa walifungiwa vijijini na wengine hawakurudi nyumbani. Nasema tu kwamba ukitaka kumwelewa mwekezaji, angalia anaogopa nini.

CDC bado ipo, kwa taarifa yako. Tangu 2022 inaitwa British International Investment na mwenyewe bado ni serikali ya Uingereza. Imeweka pesa kwenye kampuni za Kenya ambazo huenda unazitumia sasa hivi, mojawapo ni M-KOPA.

Wacha tuende kwa mfano ambao kila mtu anaujua nusu. M-Pesa. Kila mwaka kuna mtu kwenye kongamano atasimama na kusema M-Pesa ni ushahidi kwamba soko huria likiachwa lenyewe huleta maajabu. Maze, si kweli. Mtu aliyekuwa na wazo hilo ndani ya Vodafone kule Uingereza, Nick Hughes, hakuwa kwenye kitengo cha biashara. Alikuwa kwenye kitengo cha uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Alijua wazi kwamba akipeleka wazo la Kenya kwa wakubwa wanaogawa mtaji, litapimwa dhidi ya miradi ya Ulaya yenye faida kubwa na ya haraka, na litashindwa asubuhi na mapema. Akaenda kwa idara ya misaada ya Uingereza, DFID, iliyokuwa na mfuko wa kusukuma huduma za fedha zifikie maskini. DFID ikatoa karibu pauni milioni moja, Vodafone nayo ikaweka kiasi kama hicho. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na Faulu, ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Kumbe wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa nchi nzima, na yaliyofuata unayajua, umelipa nauli nayo leo asubuhi.

DFID ilitaka nini? Ilitaka kuthibitisha kitu: kwamba mtu asiye na akaunti ya benki anaweza kufikiwa. Vodafone ilitaka nini? Mwanzoni, jina zuri kwa serikali na wadhibiti. Safaricom ilitaka wateja wasihame kwenda mtandao mwingine. Watu watatu, hamu tatu, na mradi ukasimama kwa sababu hamu hizo hazikugongana. Hicho ndicho nimeandika kwenye ukuta wa ofisi, karibu na kalenda ya duka la mbolea: hamu zao zigongane au zisigongane?

Maana zikigongana, unapata kesi kama Twiga. Na hapa naomba ukae vizuri kwa sababu hii inahusu ndizi, na ndizi ni mambo yangu.

Twiga Foods ilianzishwa mwaka 2014 na Mmarekani Grant Brooke, aliyekuja Kenya kufanya utafiti wa chuo, pamoja na Mkenya Peter Njonjo aliyekuwa mkubwa Coca-Cola. Walianza na ndizi. Wazo lilikuwa kama letu, ila kwa ukubwa wa kutisha: nunua kwa mkulima, ondoa mlolongo wa mabroka, mpelekee mama mboga wa Nairobi moja kwa moja. Waliomimina pesa humo ni orodha ya kustaajabisha. DOB Equity, inayobeba pesa za familia moja ya Uholanzi. IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye kampuni binafsi. Mwaka 2019 ikaja raundi ya dola milioni 30 ikiongozwa na Goldman Sachs, benki ya Wall Street. Mwaka 2021 dola milioni 50 ikiongozwa na Creadev, ambayo ni pesa za familia ya Mulliez ya Ufaransa, wenye asili ya supamaketi za Auchan.

Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa Twiga. Kwenye meza moja una mtu ambaye shirika lake linasema kazi yake ni kupunguza umaskini, atakuuliza mkulima amepata nini. Kando yake yuko mtu wa benki anayeuliza mtakua mara ngapi mwaka huu. Halafu kuna familia iliyojenga utajiri kwa maduka, inaelewa biashara ya chakula kuliko wewe na ina subira ya vizazi, lakini inaona rejareja kwa macho ya Ulaya. Mkulima mdogo anataka ununue ndizi zake zote, hata zile zilizochubuka. Anayetaka ukuaji anasema achana na ndizi zinazooza, uza unga na mafuta ya kupikia. Utamridhisha nani?

Sikuwa kwenye vikao vyao kwa hivyo sitajifanya najua kilichosemwa. Kilichoonekana nje ni hiki: kampuni ilisogea polepole kutoka kwa mazao mabichi kwenda bidhaa za viwandani, na Agosti 2023 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 283. Mwaka uliofuata Njonjo akaondoka. Mtu atasema ni hali ya uchumi, riba za dunia zilipanda, wawekezaji wakafunga mifuko. Ni kweli, na hiyo hiyo ndiyo iliangusha wengine. Lakini mimi natazama mkulima wa ndizi wa kule Mitunguu, ambaye alikuwa sababu ya stori nzima mwaka 2014, na sioni ni kiti kipi kwenye ile meza kilichobaki kikimtazama.

Copia ni uchungu wa aina hiyo hiyo. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa kawaida nje ya miji mikubwa: unaenda kwa ajenti wa mtaani, unaagiza, mzigo unakufikia bila kuhitaji anwani wala simu ya maana. Wawekezaji wake wengi walikuwa wale wanaojali watu ambao maduka ya kisasa yamewasahau. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Moyo mzuri wa mwekezaji haulipi mafuta ya lori.

Ukitaka kuona hamu ya aina nyingine kabisa, tazama sola. M-KOPA ilianza 2011, na mmoja wa waanzilishi wake ni yule yule Nick Hughes. Desemba 2015 ilipata dola milioni 19 kwa raundi iliyoongozwa na Generation Investment Management, kampuni iliyoanzishwa na Al Gore na wenzake, yule makamu wa rais wa Marekani aliyegeuka mhubiri wa tabianchi. Richard Branson wa Virgin akatia mkono. Steve Case aliyeanzisha AOL naye. LGT Venture Philanthropy, yenye mizizi kwa familia ya kifalme ya Liechtenstein, naye ndani. Unaona? Mtoto wa mfalme wa nchi ndogo ya milimani Ulaya anasaidia nyanya yako kuacha koroboi. Hawa walishakuwa na pesa za kutosha kwa vitukuu vyao. Wanachonunua ni jibu la swali ambalo wajukuu watawauliza kuhusu dunia ilivyochemka. Sisemi kwa kejeli, ningekuwa na hela zao pengine ningefanya vivyo hivyo.

Na hamu hii ina nguvu Kenya kuliko unavyodhani. Kwa hesabu za Africa: The Big Deal, wanaofuatilia pesa hizi, startapu za Kenya zilipata takriban dola milioni 638 mwaka 2024, nchi ya kwanza Afrika, na sehemu kubwa ilienda kwenye nishati safi na mambo ya tabianchi. Ndiyo maana kila kijana wa Nairobi sasa ameweka neno kaboni kwenye slaidi yake ya tatu. Hata sisi, naungama, tuliandika kwamba kupunguza ndizi zinazooza kunapunguza gesi chafu. Ni kweli, lakini hatukuwahi kuliwaza hadi tulipoona fomu.

Zile kampuni kubwa zinazowekeza kwa wadogo nitazipita haraka kwa sababu hamu yao haijifichi. Safaricom ilipoanzisha mfuko wake wa Spark mwaka 2014, wa dola milioni moja, ikaweka kwa akina Sendy, Eneza na FarmDrive, ilikuwa inatafuta biashara zitakazopita juu ya M-Pesa na mtandao wake, na kujifunza mapema vijana wanafikiria nini. Hiyo ni sawa. Mtu anakusomea wewe kama wewe unavyosoma soko. Uwe tu unajua unasomwa.

Ile hamu inayonikera zaidi haiandikwi popote. Binadamu huweka pesa zake kwa mtu anayefanana naye. Mwaka 2017 Village Capital, ambao wenyewe ni wawekezaji, walitoa ripoti kuhusu startapu za huduma za fedha za kidijitali. Kwa Afrika Mashariki walikuta kwamba karibu asilimia 90 ya pesa zilizotangazwa mwaka 2015 na 2016 zilienda kwa kampuni zenye mwanzilishi angalau mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Asilimia tisini! Hapa hapa kwetu! Huwezi kunieleza kwamba faida ndiyo ilichagua hivyo. Ni kuaminiana. Mmesoma chuo kimoja, mnacheka utani mmoja, mnajua mvinyo upi uko sawa. Mimi nikiingia pale na lafudhi yangu ya Kimeru, nikisema nimeacha chuo, kwake ni hatari. Mzungu akisema ameacha chuo, ni Zuckerberg.

Tena ukimtaja Zuckerberg, unakumbuka Septemba 2016 alipotua Nairobi akala samaki na ugali kwa Mama Oliech? Miezi michache kabla, taasisi yake na mkewe ilikuwa imeongoza raundi ya dola milioni 24 kwa Andela, iliyokuwa inafunza vijana wa Lagos na Nairobi kuandika programu. Pesa ile kwake ilikuwa kama mimi kununua mahindi ya kuchoma hapo steji. Lakini alikuja, akauliza maswali, akakaa na watengenezaji. Udadisi ni hamu pia. Kuna watu matajiri ambao kitu wanachokosa ni kushangazwa.

Na kuna wanaotaka tu kuwa ndani ya stori nzuri. Unakumbuka Kune? Mwaka 2021 Mfaransa mmoja alipata dola milioni moja kwa kueleza kwamba alifika Nairobi akakosa chakula kizuri cha bei nafuu. Twitter ilimla nyama. Kila mtu alikuwa anataja kibanda chake, chapati mbili na ndengu, bei na mahali. Juni 2022 Kune ikafungwa. Mwekezaji yeyote angetembea hatua mia tano wakati wa chakula cha mchana asingehitaji ripoti. Ila ile stori ilikuwa tamu ikisimuliwa mbali na Nairobi, na pesa zilifuata utamu.

Sasa turudi Nkubu, maana nimekuzungusha.

Mwekezaji wetu wa kwanza hakuwa mfuko. Ni mwalimu mstaafu, jirani ya kina mshirika wangu. Mwalimu alitupa Sh80,000 kutoka kwa pesa zake za kustaafu. Hakutaka hisa. Tulipomuuliza atarudishiwa lini, alisema, "Mtanirudishia mkipata. Lakini kila Jumamosi mtu aje hapa aniambie wiki imeendaje." Nilidhani ni ukaguzi. Nikaenda Jumamosi ya kwanza na daftari, hesabu zote zimepangwa. Alilifunga daftari bila kulisoma, akaniita kwa chai, akaniuliza mabroka wamefanya nini tulipowapita. Alicheka hadi akatoa machozi. Wanawe wako Nairobi na mmoja yuko Qatar, na siku za wiki mtu anayemtembelea ni yule anayeleta maziwa. Sh80,000 zilimnunulia Jumamosi. Na pia kuna hili, aliniambia mwezi wa tatu: alifundisha hesabu miaka thelathini na hakuwahi kuona mwanafunzi wake akiitumia hapa hapa, wote walienda kuitumia mjini.

Binamu yangu aliye Marekani naye aliweka dola 1,500. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na nyingi ni za karo, hospitali na matanga. Yeye alisema amechoka kutuma pesa ambazo zinaisha Jumatatu. Anataka kitu ambacho akija Desemba atakigusa. Tulipaka jina lake la utani nyuma ya pikapu, kwa rangi ya manjano. Usicheke. Tungempa asilimia kumi ya faida asingefurahi vile.

Halafu kulikuwa na ruzuku. Mwisho wa 2024 shirika moja lilituweka kwenye orodha ya kupata pesa kidogo za kuwafikia wakulima wanawake. Tulijaza fomu miezi minne. Kwenye fomu waliuliza shamba ni la nani. Kwetu anayelima, anayekata na anayepokea ujumbe wetu ni mama, lakini hati ina jina la mume au la baba mkwe aliyekufa zamani. Fomu haikuwa na kisanduku cha hiyo. Tukapoteza wiki mbili tukibishana na jedwali la Excel. Kisha Januari 20, 2025 Trump akasimamisha misaada ya nje, kufikia Julai 1 USAID ikawa imefungwa rasmi. Katikati hapo Uingereza nayo ikatangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 kufikia 2027. Sisi tulipata barua pepe ya mistari mitatu kwamba mpango umesitishwa. Hakuna aliyetukosea, kusema ukweli. Aliyekuwa akiwapa wao alibadilisha hamu yake.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho watu hawatuambii kwenye yale mafunzo ya ujasiriamali yenye soda na cheti. Yule anayekuja kukuona kwa kawaida si mwenye pesa. Ni mfanyakazi. Nyuma yake kuna serikali, familia tajiri, benki au mfuko wa pensheni, na kila mmoja ameomba kitu tofauti. Mifuko mingi ya namna hii ina maisha ya miaka kumi hivi: miaka ya mwanzo inaweka, miaka ya mwisho inatoa. Meneja analipwa ada kila mwaka mkipata msipate, na akilini mwake kuna mfuko unaofuata atakaoenda kuuombea pesa, kwa hivyo anahitaji picha na namba za kuonyesha. Hayo yote ni halali. Lakini ukikutana naye mwaka wa nane ukidhani ni mwaka wa pili, umekwisha.

Linganisha na ile ya serikali yetu. Mradi wa NYOTA, kwa pesa za Benki ya Dunia, unampa kijana ruzuku ya Sh50,000 na hakuna anayedai hisa. Rafiki zangu wawili wamepata, mmoja amefungua kinyozi hapo karibu na soko. Hamu iliyo nyuma ya pesa hizo wewe mwenyewe unaijua, ulikuwepo Juni 2024, au ulikuwa unatazama kwa simu kama mimi. Soma tena ile aya ya Swynnerton halafu uniambie.

Basi hizi karatasi kumi na moja. Ukurasa wa saba unasema kila robo mwaka tutoe ripoti ya idadi ya wakulima, wanawake angalau asilimia 60, na mapato yao kabla na baada. Hilo silichukii. Wanawake tunao, namba tunaweza kuhesabu, na safari hii nimewaandikia kisanduku changu mwenyewe: anayelima ni nani. Walikubali, na hilo lilinishangaza. Ukurasa wa tisa unasema ndani ya miezi kumi na minane tuwe kaunti nne. Hapo ndipo tumbo linanikata. Ndizi za Imenti Kusini nazijua, najua kila mtaro na kila broka. Za Kisii sizijui. Sielewi kaunti nne zinamfaa nani: mkulima, sisi, au yule meneja na slaidi yake.

Juzi nikampigia simu afisa wao. Ni dada mpole, amesoma, anaongea Kiswahili cha Nairobi. Nikamuuliza maswali matatu niliyokuwa nimeandika mkononi kama mwanafunzi anayeiba mtihani. Pesa hizi ni za nani hasa? Mfuko wenu unafungwa mwaka gani? Na tukiendelea kuwa wadogo lakini wakulima wapate bei nzuri, mtasema tumeshinda au tumeshindwa?

Mawili ya kwanza alijibu papo hapo: familia mbili za Ulaya na shirika moja la serikali huko, na mfuko unafungwa 2029. La tatu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hakuna mtu ameshawahi kuniuliza hivyo. Nipe hadi Ijumaa niulize wakubwa."

Leo ni Alhamisi. Mshirika wangu amekasirika, anasema nitafukuza bahati kwa midomo, na kwamba Sh5 milioni zingelipa deni la pikapu na kuniachia za kurudi chuo nikitaka. Ana haki ya kukasirika, watoto wake wawili wanasoma. Mimi ni mmoja, nakula popote.

Jibu likija nitaliandika hapa. Jumamosi nitapanda kwa Mwalimu na zile karatasi, ameniambia safari hii nije na miwani yake iliyo kwa fundi, maana hii anataka kuisoma mwenyewe.